Je, Inajuzu Kumpigia Kura Mtoto Mgonjwa?



Ndugu zangu katika imani, Desemba 2024 yalitangazwa matokeo ya utafiti juu ya lukemia kali ya limfoblasti, saratani ya damu ambayo huwapata watoto kuliko saratani nyingine yoyote. Watoto 1,440 wa Marekani, Kanada, Australia na New Zealand waligawanywa na kompyuta, bila daktari wala mzazi kuchagua. Nusu walipewa kemotherapia iliyozoeleka. Nusu walipewa hiyo hiyo pamoja na blinatumomabu, dawa inayoishika seli ya kinga kwa upande mmoja na seli ya saratani kwa upande wa pili, ili ya kwanza iiue ya pili. Baada ya miaka 3, asilimia 96 ya waliopata dawa mpya walikuwa hai bila ugonjwa kurudi. Kwa wenzao ilikuwa karibu 88.

Nilipolieleza hili katika darsa letu, ndugu mmoja alikasirika: "Hiyo ni kamari juu ya roho za watoto!"

Hasira yake naielewa, lakini sikubaliani naye. Katika kamari mmoja hula mali ya mwenzake bila haki. Hii ni kura (sisemi ya wanasiasa), na sheria yetu inaijua. Waliogombea kumlea Maryam walitupa kalamu zao. Mtume (s.a.w.) alipotaka kusafiri alipiga kura baina ya wake zake. Wanazuoni wametofautiana juu ya mipaka yake, ila msingi ni huu: haki zimelingana, na hakuna hoja ya kumtanguliza mmoja.

Madaktari walikuwa katika hali hiyo hasa. Kila mtoto alipata tiba bora iliyojulikana, na dawa mpya ilikuwa na hatari zake, yakiwemo maambukizi makali ya damu. Walii anayemridhia mwanawe aingie humo hajamdhulumu, maadamu kweli haijulikani upande upi una kheri. Na ilipojulikana, kura ilisimamishwa kabla ya wakati uliopangwa. Kwangu hiyo ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote: ujinga ndio ulioihalalisha, na elimu ikaiharamisha.

Sasa tuje hapa kwetu Uganda. Vinkristini, dawa iliyotokana na ua la Madagaska, inatibu ugonjwa huu tangu miaka ya 1960. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona. Katika nchi nyingi maskini ni chini ya 30. Mtoto ana homa na damu imepungua, anatibiwa malaria wiki baada ya wiki. Akifika Mulago, mzazi anaishiwa nauli katikati ya matibabu, anamrudisha kijijini. Tunasema, "Ni qadar." Qadar naiamini, lakini Mulago na Boston hazikupigiwa kura na mtu yeyote, na hapa hakuna kisichojulikana. Tunajua dawa ipi inaponya. Kwa hiyo ile ruhusa niliyowatetea watafiti kwayo, sisi hatuna.

Mfuko wa zaka wa jumuiya yetu ukiwa na nauli ya mtoto mmoja na wamekuja wawili, tupige kura, sina pingamizi. Ila kwanza mweka hazina atusomee tulichotumia kwenye karamu ya kuwaaga wahitimu.