Hofu ya Mgeni Kwenye Maji ya Uvira

Hofu ya msafiri humtangulia njiani. Hufika mahali kabla yake, ikapajaza mambo ambayo pengine hayapo, na yale yaliyopo ikayasahau. Ziwa Tanganyika lina kina kinachofikia karibu mita 1,470, na duniani ni Baikal peke yake linalolizidi. Mgeni akisikia hivyo huanza kuogopa kina. Mvuvi wa Uvira, upande wa Kongo, hana habari na kina, kwa kuwa mtu huzama kwenye mita tano sawasawa na kwenye mita elfu. Anachoogopa yeye ni upepo wa kusini wa kiangazi, ambao kati ya Mei na Septemba huyasukuma mawimbi kwenye ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 650. Hofu ya kwanza ni ya kutojua, ya pili ni ya kujua, na safari ya hatari ina faida pale inapomwezesha mtu kuzitenganisha.

Wasafiri wa karne ya 19 waliofika pwani hii wengi hawakuweza. Richard Burton na John Hanning Speke walitua Ujiji, ufuko wa mashariki, mwezi Februari 1858 wakitafuta chanzo cha Nile, Burton akiwa mgonjwa wa kubebwa na Speke akiwa haoni vizuri. Mwezi uliofuata Speke alivuka ziwa kwa mtumbwi kwenda kutafuta jahazi la kukodi. Usiku mmoja, baada ya dhoruba kuivuruga kambi, mdudu mdogo mweusi alimwingia sikioni akaanza kuchimba kuelekea ndani. Speke alimimina siagi iliyoyeyushwa, mdudu asitoke. Mwishowe akachokonoa kwa ncha ya kisu: mdudu akafa, na sikio likajeruhiwa vibaya. Uso ulivimba hata akashindwa kutafuna, na kwa miezi kadhaa vipande vya mdudu viliendelea kutoka pamoja na nta. Wasafiri wa aina yake walijiandaa kwa mikuki, simba na homa, na bunduki walibeba za kutosha. Mdudu wa sikio hakuwamo kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Jahazi lilikosekana. Mwezi Aprili wote wawili walipanda mitumbwi iliyoongozwa na Kannena, mkuu mmoja wa Ujiji, na tarehe 26 wakafika Uvira. Swali lililowaleta lilikuwa moja: Mto Rusizi unatoka ziwani kwenda kaskazini, au unaingia? Kama unatoka, huenda ndio mwanzo wa Nile. Watoto wa kiume wa Maruta, mtawala wa Uvira, walikuja kambini wakajibu bila kuzungusha maneno: unaingia. Wageni walitaka kuuona mdomo wa mto kwa macho yao, lakini Kannena akakataa katakata kusonga mbele, kwa sababu ya uadui na watu wa upande ule. Burton, mwenye ulimi mkali hata siku zile ulipokuwa umejaa vidonda na kushindwa kutamka maneno, aligeuza njia kwa uchungu na baadaye akaandika juu ya woga wa waliompeleka.

Lawama hiyo haina haki. Kannena alijua nani anatawala ufuko upi na nani ana kisasi na nani. Waingereza wangerudi kwao. Yeye angebaki kuishi na kupiga kasia kwenye ziwa lile lile. Kilichoitwa woga kilikuwa elimu ambayo mgeni hakuwa nayo, na ajabu ni kwamba alikuwa amemkodi mtu huyo kwa ajili ya elimu hiyo hiyo.

Novemba 1871 wasafiri David Livingstone na Henry Morton Stanley waliondoka Ujiji kwa mtumbwi mpaka kwenye mdomo wa Rusizi, wakaingia humo na kuona mkondo ukija ziwani. Habari waliyoipata ni ile ambayo watoto wa Maruta waliitoa bure miaka 13 nyuma. Katikati ya miaka hiyo urafiki wa Burton na Speke ulikuwa umevunjika kwa ubishi wa Nile, na Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake Septemba 1864, siku moja kabla ya wawili hao kukutana kwenye mdahalo hadharani. Maji ya ziwa hutoka upande wa magharibi, kwa Mto Lukuga karibu na Kalemie, na hilo lilishuhudiwa na Verney Lovett Cameron mwaka 1874. Msafara wake uliongozwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa, akapelekwa India na kurudi Zanzibar baada ya kuwa huru. Alikuwa na Burton mwaka 1858, akawa na Stanley mwaka 1871, kisha akatembea na Cameron mpaka Bahari ya Atlantiki. Aliyekwisha kuvuka bahari akiwa mtumwa hakuhitaji ziwa limfundishe hofu ni kitu gani.

Mgeni anayefika leo Kavimvira, mtaa wa Uvira, na kulala karibu na maji atakutana na jambo linalopindua hesabu zake. Usiku wa giza totoro, ambao yeye angejifungia ndani, ndio usiku wa kazi. Ndagala, yaani dagaa, hufuata mwanga, kwa hiyo wavuvi hutoka na taa zao mwezi usipokuwapo, na ziwa zima linametameta mpaka karibu na mapambazuko. Mwezi ukiwa mpevu wanakaa nyumbani kutengeneza nyavu.

Kuna pia kuvuka ambako haifai kukuita utalii. Vita vilipoikumba Uvira mwaka 1996, familia nyingi ziliingia kwenye mitumbwi na maboti kwenda Kigoma, Tanzania, na Novemba mwaka huo ikafunguliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Walikuwamo watu ambao hawakuwahi kwenda mbali na ufuko. Hawakuishinda hofu ya maji. Iliyokuwa nyuma yao ilikuwa kubwa zaidi. Anayelipa fedha ili aogope kidogo kisha arudi hotelini hana budi kulikumbuka hilo anaposimulia ushujaa wake.

Upande wa Burundi, watalii hupanda boti kuwatazama viboko wa Hifadhi ya Taifa ya Rusizi. Ng'ambo ya mpaka, mkulima mwenye shamba karibu na mto huwaona viboko wale wale bila kiingilio, na haendi karibu. Anayetaka kusafiri kwa maji kutoka bandari ya Kalundu, Uvira, kwenda Baraka au Kalemie hufanya vizuri kuwauliza watu wa bandarini kabla ya kulipa: upepo wa leo ukoje, njia ina usalama, boti limebeba nini, jaketi za kuokolea ziko ngapi. Jibu likiwa ni kuahirisha, anaahirisha, hata kama maji yanaonekana yametulia.