Jiko Lilale Nje, Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu, nimesikia umepata kazi kwenye mashamba ya maua Timau. Nenda na baraka zangu. Lakini keti kwanza.

Baridi huijui. Hapa Rapsu umelelewa na jua na mifereji ya shamba. Timau iko ubavuni mwa Mlima Kenya, na Julai yake itakuuma mpaka kwenye meno. Jirani atakufundisha dawa: jiko la makaa chumbani, mlango ufungwe, tambara lizibe upenyo. Usimsikilize. Nakusihi.

Nilifanya kibarua huko juu nikiwa kijana. Asubuhi moja tulivunja mlango wa wenzetu wawili. Walikuwa wamelala vizuri tu, blanketi mpaka kidevuni, chai ya jana vikombeni. Jiko limebaki majivu. Mimi ndiye niliyetumwa kwa mama wa mmoja wao. Aliponiona peke yangu hakuuliza kitu, alianza kufagia ua ambao ulikuwa umeshafagiwa.

Nyumba ya bibi yako ya miti na mikeka hupumua, na kuni zikikuwasha macho unatoka mwenyewe. Mabati na saruji havipumui. Makaa yakishakolea hayana moshi, hapo ndipo watu hudanganyika. Yanatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Baridi hukutetemesha, jiko hukunyamazisha.

Na hilo jiko lenye udongo ndani lisikupumbaze. Linaokoa makaa, nami nalisifu kwa chai, lakini hewa yake ni ile ile. Sufuria ya maji kando yake haisaidii kitu. Ukitaka moto ndani, uwe na bomba linalopeleka hewa yake juu ya paa. Huna? Mshahara wa kwanza ununue blanketi mbili nzito, kabla ya hiyo simu unayoiota.

Mkiumwa kichwa wote chumbani kwa pamoja, miguu ikalegea, msiseme ni malaria. Fungueni, tokeni, mkokoteni asiyeweza, kisha hospitali.

Nakusihi tena, mwanangu. Jioni ya kwanza ukifika nipigie. Habari za safari zitangoja. Niambie kwanza jiko liko wapi. Na kesho yake nitauliza tena, hata ukichoka na mimi.