Roboti Baada ya Mashindano: Mwisho wa Chombo na Wajibu wa Waliokiunda

Kila mwaka mwanzoni mwa Januari, timu za shule za sekondari zinazoshiriki FIRST Robotics Competition hutangaziwa mchezo mpya. Mashindano hayo yaliasisiwa Marekani na mvumbuzi Dean Kamen akishirikiana na Woodie Flowers, profesa wa chuo cha MIT. Yalichezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1992 katika ukumbi wa michezo wa shule moja mjini Manchester, jimbo la New Hampshire, kwa timu 28. Mwaka 2022 roboti zilitakiwa kurusha mipira mikubwa ndani ya kapu refu na kisha kukwea vyuma. Mwaka 2023 zilipanga koni na maboksi ya mpira yaliyojazwa upepo. Mwaka 2024 zilirusha pete za sponji. Mkono uliobuniwa kushika koni hauna kazi mbele ya pete. Kanuni nazo haziruhusu, kwa kawaida, mitambo iliyoundwa kabla ya mchezo kutangazwa kutumika katika roboti mpya, ingawa vifaa vya dukani kama mota na vidhibiti vyake vinaweza kurudi uwanjani vikiwa vizima na bado vinakubalika. Hivyo chombo ambacho kanuni za 2023 zilikiruhusu kufikia takriban kilo 57 bila betri na bampa, kilichomeza jioni na Jumamosi za vijana wengi, hufika mwisho wa mashindano yake rasmi Aprili ya mwaka uleule.

Roboti haistaafu papo hapo. Baada ya msimu hupelekwa kwenye mashindano ya hiari, kama Indiana Robotics Invitational ya mwezi Julai. Huonyeshwa kwa wafadhili na kwa watoto wa shule za msingi. Madereva wapya hujifunza kuiendesha kabla ya Januari nyingine. Ya miaka miwili au mitatu nyuma hugeuzwa mpinzani wa mazoezini, ikikaba njia ili mpya ijifunze kupenya. Kisha hufika zamu ya kuchomolewa spea: mota, gia, magurudumu, na kompyuta ndogo ya kuendeshea mtambo. Kompyuta aina ya roboRIO, iliyoanza kutumika mwaka 2015, huhama kutoka roboti hadi roboti kwa misimu mingi. Fremu ya alumini hubaki mifupa mitupu, na mwishowe huuzwa kama chuma chakavu. Timu nyingine haziwezi kuvumilia hatua hiyo ya mwisho. Huzitundika roboti zao ukutani au kuzipanga stoo mwaka baada ya mwaka, hadi nafasi ya kufanyia kazi ikosekane.

Chini ya uamuzi huo unaoonekana kuwa wa karakana tu lipo swali la maadili: chombo kilichomaliza kazi kinadaiwa nini, na nani ana haki ya kukibomoa?

Aristotle alifundisha kwamba kitu hueleweka kwa sababu nne: mata yake, umbo lake, aliyekifanya, na kusudi lake. Katika vitu vya kutengenezwa, kusudi ndilo linalotawala yale mengine, kwa kuwa fundi huchagua mata na umbo kwa kutazama kazi itakayofanywa. Kwa kipimo hicho roboti ya mwaka jana ni kitu kilichopungukiwa: mata ipo, umbo lipo, waliokiunda bado wanakumbuka, ila mchezo haupo tena. Hata hivyo roboti hiyo ilikuwa na makusudi mawili tangu mwanzo. La karibu lilikuwa kushinda mchezo wa msimu. La mbali, ambalo waasisi wa mashindano wamelitaja daima kuwa ndilo kubwa, lilikuwa kuwakuza vijana katika sayansi, ufundi na kazi ya pamoja. Kusudi la karibu hufa Aprili. La mbali halifi. Anayeuliza kama roboti imemaliza kazi hana budi kwanza kusema ni kazi ipi.

Fikihi ya Kiislamu imelipima swali la aina hiyo kwa karne nyingi katika mlango wa wakfu, yaani mali iliyotengwa kwa manufaa ya watu. Mali ya wakfu hutazamwa kwa pande mbili: ain, yaani kitu chenyewe, na manufaa yanayotokana nacho. Jengo la wakfu likibomoka lisifae tena, je, ain ilindwe ilivyo, au ibadilishwe ili manufaa yaendelee? Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, wamekuwa wazito kuruhusu ain iuzwe. Wanazuoni wa Hanbali wameruhusu kilichokosa manufaa kiuzwe na kingine kinunuliwe mahali pake. Kila upande unalinda jambo la haki. Wa kwanza unakumbuka kwamba mlango wa kubadilisha ukiachwa wazi, mwenye tamaa atapita humo. Wa pili unakumbuka kwamba mtoaji alitaka watu wanufaike, wala hakutaka magofu yahifadhiwe.

Roboti ya shule si wakfu kisheria, lakini inafanana nao kwa jambo zito: imejengwa kwa fedha za wafadhili, michango ya wazazi na muda wa walezi wanaojitolea, na sehemu ya waliokusudiwa kufaidika bado hawajajiunga na timu. Hakuna mwanafunzi anayeweza kusema ni yake. Kwa hiyo uamuzi wa kuifungua haumstahili yule aliyetangulia kushika spana. Ni wa timu nzima, kwa kikao, na kwa orodha inayoonyesha kila kifaa kimekwenda wapi. Tahadhari ya Shafi na ruhusa ya Hanbali zinaweza kukaa meza moja: kubadilisha kunafaa, mradi kufanywe hadharani na manufaa yaonekane.

Swali la pili ni la utambulisho. Plutarch alisimulia jinsi Waathene walivyoihifadhi merikebu ya Theseus kwa kubadilisha mbao zilizooza, wanafalsafa wakabishana kama bado ilikuwa merikebu ileile. Katika karne ya 17 Thomas Hobbes aliongeza ugumu: vipi kama mtu angeziokota mbao za zamani na kuunda nazo merikebu ya pili? Karakana ya roboti hulikuta fumbo hilo kila msimu. Mota nne za roboti ya zamani zikihamia katika mpya, kompyuta ikaenda ya mazoezi na fremu ikauzwa, hakuna mahali pa kuonyesha kwa kidole na kusema roboti ile ipo hapa. Timu yenyewe iko katika hali hiyohiyo. Hubeba namba moja miaka yote, lakini sekondari ya Marekani ni miaka minne, hivyo baada ya muda huo hakuna mwanafunzi aliyebaki kati ya walioanza. Kinachovuka kutoka kundi hadi kundi ni ujuzi: kwa nini gia ile ilikatika, kwa nini mnyororo uliachwa mkanda ukachukuliwa, programu ya kulenga iliandikwaje. Ikiwa hilo ndilo linaloifanya timu kuwa timu ileile, basi hasara halisi hutokea pale roboti inapofunguliwa bila michoro, picha, programu na maelezo ya makosa yake kuhifadhiwa. Roboti iliyovunjwa ikaandikwa imehifadhiwa zaidi kuliko iliyo nzima stoo na hakuna tena anayejua inavyofanya kazi.

Hata hivyo hoja za manufaa peke yake hazimalizi jambo. Vijana huhuzunika roboti yao inapofunguliwa, na huzuni hiyo si upuuzi, kwa kuwa ni shukrani iliyokosa mahali pa kwenda. Japani imeipatia mahali. Kampuni ya Sony ilianza kuuza mbwa wa roboti aitwaye Aibo mwaka 1999, ikasimamisha uundaji mwaka 2006, na huduma ya matengenezo ikakoma mwaka 2014. Kuanzia mwaka 2015 hekalu la Kibudha la Kofuku-ji, katika mji wa Isumi, limewafanyia mbwa hao ibada za maziko. Baada ya ibada walifunguliwa, spea zao zikatumika kuwatengeneza Aibo wengine. Kuaga hakukuzuia kuvunja. Kulikutangulia ili kuvunja kusiwe dharau. Asiyeamini kwamba chuma kina roho anaweza kukubali mpangilio huo, kwa maana shukrani kwa chombo huishia kwa waliokiunda na kwa mikono iliyowafundisha.

Linabaki suala la upotevu. Sheria ya Kiyahudi ina katazo la kuharibu bila sababu, ambalo chanzo chake ni amri ya kutokata miti ya matunda wakati wa vita, na Maimonides alilipanua likahusu kuvunja vyombo na kurarua nguo. Uislamu hukataza israfu. Kwa kawaida makatazo haya huelekezwa kwa anayetupa, lakini humgusa pia anayelimbikiza. Mota nzima zinazolala kabatini miaka mitano, huku timu changa ya mji jirani ikikosa hata moja, zimepotea. Na sadaka nayo ina adabu yake. Kumpa mgeni roboti isiyo na chaja, wala maelezo, wala mtu wa kumwonyesha, ni kumhamishia mzigo.

Adabu hiyo huwa ya lazima kwenye betri. Roboti hizi huendeshwa kwa betri za volti 12 zenye risasi na asidi, na risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walilijua hilo kwa machungu: kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichafua makazi yao, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Betri iliyochoka inapaswa kurudishwa kwa wenye leseni ya kuichakata, wala isisukumwe kwa jina la msaada mahali pasipo na uangalizi. Alumini ni nyepesi kwa dhamiri: kuiyeyusha upya hutumia takriban asilimia 5 ya nishati inayohitajika kuizalisha kutoka kwenye madini.

Mambo haya yakipangwa, wajibu hufuatana. Kwanza ujuzi uandikwe, roboti ikiwa bado nzima na waundaji bado wapo. Kisha iwatumikie wanaojifunza kwa muda wote inaofaa. Baadaye iagwe na kufunguliwa mbele ya timu, spea zikienda kwa wanaozihitaji pamoja na maelekezo, na chenye sumu kikienda kwa wanaokiweza. Kuhifadhi roboti moja nzima kunaruhusiwa, ikiwa kuna somo ambalo mchoro hauwezi kulifundisha na kuna mtu wa kulifundisha. Roboti isiyofundisha tena, isiyotumika wala kugawiwa, inawadai waliokiunda chombo hicho uamuzi, na kuuahirisha uamuzi huo ni kuwanyima wanaokuja manufaa ambayo iliundwa kuwapa.