Watu wa Suffa na Watoto wa Barazani

 

Mwezi wa Julai katika Nyeri ni mwezi wa baridi; ukungu washuka kutoka mlimani na manyunyu hayakatiki. Usiku mmoja wa mwezi huo, baada ya sala ya Isha, tulisimama mlangoni pa msikiti tukingoja mvua ipungue. Barazani walikuwapo watoto wanne wasio na makao, wamejifunika magunia. Mmoja wao, naye hakuzidi miaka kumi, alikuwa na mkate aliopewa na mpita njia. Aliumega, akawapa wenziwe watatu, akianza na mdogo wao. Kisha yeye akala kilichobaki, nacho kilikuwa ganda tu.

Yatupasa kukiri tulilolifanya baada ya kuliona hilo. Tulimwambia mlinzi awaondoe, kwani kesho yake twatazamia wageni, na viatu viliwahi kupotea. Wakaondoka bila ya neno.

Tulipofika nyumbani tukafungua kitabu kutayarisha darsa, na mlango tulioufikia ulikuwa ni habari za Watu wa Suffa. Hao walikuwa masahaba mafakiri, hawana nyumba wala jamaa katika Madina, na makao yao yalikuwa kipenu cha msikiti wa Mtume (S.A.W.). Abu Huraira (R.A.) alikuwa mmoja wao. Imepokewa kwamba siku moja njaa ilimshika sana. Mtume akamchukua nyumbani kwake, likapatikana bakuli moja la maziwa, akamwamrisha awaite Watu wa Suffa wote. Abu Huraira akahuzunika, akiona hatabakiwa na kitu. Wakanywa wote wakatosheka, kisha akanywa yeye, na wa mwisho kunywa akawa Mtume mwenyewe.

Basi yule mtoto aliyekula ganda, ambaye pengine hakukaa chuoni hata siku moja, alikuwa ameishika sunna ile. Nasi tunaoisomesha tulimtoa mahali ambapo Mtume aliwaweka mfano wake.

Yako maneno yasemwayo katika baraza zetu, toka Nyeri hata Nanyuki na Meru: kwamba watoto hawa wavuta gundi, ni wezi, na tena si wana wa Waislamu. Gundi twaijua; huivuta wasahau njaa na baridi, na dhara yake ni kubwa. Lakini mgonjwa hafukuzwi kwa ugonjwa wake. Ama hilo la tatu, Surat al-Insan imewasifu wamlishao masikini na yatima na mateka, na mateka wa zama zile walikuwa washirikina. Hata jina la chokoraa tulilowabandika latushitaki sisi: katika Kiswahili cha kale chokora ni mtu aliyekaa katika nyumba ya mwingine, akitumika na kula kwake. Yeye alikuwa na nyumba!

Wala jambo hili si geni hapa. Wakati wa Hali ya Hatari, toka mwaka 1952 hata 1960, wazazi walitiwa vizuizini na watu wakakusanywa vijijini kwa nguvu, na watoto wengi walibaki wakizurura mijini. Huenda miongoni mwetu tunaofukuza leo wamo wajukuu wa watoto wale.

Hatusemi kila mtu amchukue mtoto kwake kimya kimya. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imemhesabu asiye na makao kuwa mwenye kuhitaji matunzo na ulinzi, na habari zake hupelekwa kwa afisa wa watoto. Lakini uji wa moto baada ya sala ya Alfajiri hauhitaji ruhusa ya mtu, wala blanketi.

Siku ya pili tulikwenda kuwatafuta kituo cha magari. Tuliwapata watatu. Aliyegawa mkate hakuwapo. Mmoja alisema amepanda lori la mboga kwenda Karatina, mwingine akasema ni Nanyuki. Tulitaka kuulizia huko, lakini jina lake hatukuwa tumemwuliza.