Asilimia 99 ya Nini?

Siku moja baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 24 Novemba 2019, Selemani Jafo, aliyekuwa Waziri wa TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), alitangaza kwamba CCM imeshinda zaidi ya asilimia 99 ya viti. Haikuchukua muda, takwimu ile ikageuzwa midomoni mwa watu: eti katika kila Watanzania 100, 99 wameipigia kura CCM, na upinzani umekwisha. Ni kosa ambalo yeyote kati yetu anaweza kulifanya, tena kwa nia njema kabisa. Ndiyo maana naomba tulitazame taratibu.

Dalili kwamba takwimu ile haikuhusu kura zilikuwepo. Miaka mitano nyuma, katika uchaguzi wa tarehe 14 Desemba 2014, chama hichohicho kilipata karibu asilimia 80 ya vijiji. Kuruka kutoka 80 hadi 99 kulitosha kumfanya mchambuzi aweke kalamu chini na kuuliza kumetokea nini. Jibu halikuwa limefichwa. Tangu mwanzoni mwa Novemba, wagombea wengi wa upinzani walikuwa wameenguliwa, wengi wao kwa kilichoitwa makosa ya kujaza fomu. Wengine walilalamika kwamba walikwenda kwa mtendaji wakakuta ofisi imefungwa. Tarehe 7 Novemba Chadema ikatangaza kujitoa, na vyama vingine, ACT-Wazalendo kikiwemo, vikafuata. Serikali ikasema walioenguliwa warudishwe. Vyama vikashikilia msimamo. Matokeo yake, sehemu nyingi mgombea wa CCM alipita bila kupingwa.

Ndugu msomaji, tulia hapo kidogo. Mahali mgombea alipopita bila kupingwa, siku ile hapakupigwa kura ya kiti hicho. Hakuna karatasi iliyohesabiwa. Sasa huo mwelekeo wa wapiga kura tunaupima kwa kitu gani? Watu walihesabu viti wakaviita kura.

Hata panapokuwa na ushindani, bado tunaweza kujikwaa. Chukua mfano wa kijiji chenye vitongoji vinne, kila kimoja kina wapiga kura 100, na kote mshindi kapata 51 dhidi ya 49. Amechukua viti vyote vinne, lakini watu 196 kati ya 400 hawakumtaka. Anayesoma orodha ya wenyeviti peke yake hatawaona watu hao.

Kosa jingine ni kudai kundi gani limempa nani kura. Hapo nawaza hasa Turiani, kule wilaya ya Mvomero. Kuna wafanyakazi wa kiwanda cha sukari cha Mtibwa na wakata miwa wanaokuja kwa msimu. Kuna wakulima wa mpunga, wafanyabiashara wa sokoni, na upande wa Kambala wafugaji ambao wamegombana na wakulima kwa miaka mingi juu ya bonde la Mgongola. Mahali kama hapa ni rahisi mno kusema wafugaji wamempa huyu, wakulima wamempa yule. Lakini kura ni ya siri. Sanduku linakwambia kituo kimetoa kura ngapi, halikwambii nani katia ipi. Na kwenye eneo lenye mgogoro wa ardhi, neno kama hilo likisambaa bila ushahidi linaweza kuumiza watu. Tafadhali tusilitamke ovyo.

Dalili nyingine iliyopuuzwa ni orodha zenyewe za wapiga kura. Uchaguzi wa mwenyekiti wa kijiji, mtaa au kitongoji unasimamiwa na TAMISEMI, na una orodha yake ya wakazi waliojiandikisha. Diwani na mbunge huchaguliwa kwa Daftari la Kudumu la Tume ya Uchaguzi. Ukichukua namba za 2019 ukazilinganisha moja kwa moja na za madiwani wa 2020, ukasema watu wamepungua au wameongezeka, umelinganisha orodha mbili tofauti.

Wapo pia waliokosea upande wa pili, wakadai kila ambaye hakwenda kituoni alikuwa mpinzani. Nalo halina msingi. Mtu hukosa kupiga kura kwa sababu ya ugonjwa, safari, shamba, au kwa kuwa kwake hapakuwa na uchaguzi wowote.

Uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024 ulikuja na badiliko ambalo mchambuzi asilipite: mgombea aliye peke yake alipigiwa kura ya ndiyo au hapana. CCM ilitangazwa tena mshindi wa karibu asilimia 99 ya viti, na malalamiko ya kuenguliwa yakasikika tena. Lakini safari hii hata kitongoji chenye mgombea mmoja kilikuwa na kura za kuhesabu. Kwa hiyo ukitaka kuandika kuhusu uchaguzi wa kitongoji chako, anza siku fomu zinaporudishwa: wangapi walichukua, wangapi walirudisha, nani kaenguliwa na kwa sababu gani. Kisha tafuta waliojiandikisha, waliojitokeza, kura zilizoharibika, na hizo za hapana. Jina la mshindi liandike mwisho.