Nyimbo za Mama Zetu Katika Ibada ya Jumapili

Masomo: Kutoka 15:20-21, 1 Samweli 1:9-18 na 2:1-10

 

Juma hili tunasema juu ya nyimbo za ibada, na tunaanza kwa kukiri kosa letu. Jumamosi moja mama mmoja alikuja kwenye mazoezi ya kwaya na wimbo aliotunga mwenyewe. Hakuwa na karatasi; wimbo ulikuwa moyoni. Ulisimulia usiku wa kukimbia, jinsi alivyowahesabu watoto wake gizani kwa kuwagusa vichwa, na kwamba Mungu naye anatuhesabu vivyo hivyo. Sisi viongozi tulimjibu kwamba ratiba imejaa, tena wimbo wake haumo kitabuni. Akashukuru, akaenda zake.

Siku chache baadaye tulikuwa msibani. Usiku akina mama wakauanzisha wimbo ule ule. Mfiwa, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno, akaanza kuitikia pamoja nao. Tuliona haya. Faraja ile ililetwa kwetu kwanza, nasi tukaikataa.

Ndipo tukamkumbuka kuhani Eli. Hana alikuwa akiomba huko Shilo, midomo inacheza lakini sauti haisikiki. Eli akadhani amelewa, akamkemea. Lakini Hana alipomweleza uchungu wake, mzee alikubali kusahihishwa, akambariki. Kutoka kinywa kile kile ulikuja wimbo wa sura ya 2, juu ya Mungu anayewainua maskini kutoka mavumbini. Baada ya miaka mingi Mariamu aliimba wimbo unaofanana nao sana (Luka 1:46-55). Na Mariamu huyo ndiye aliyekimbilia Misri usiku na mtoto mchanga. Sisi tulio hapa twamwelewa.

Tazameni pia Miriamu. Watu walipokwisha kuvuka bahari, adui akiwa nyuma yao, yeye alishika tari, na wanawake wote wakamfuata kwa kucheza. Debora naye aliimba pamoja na Baraka baada ya vita (Waamuzi 5). Na waliporudi wale waliohamishwa Babeli, orodha ya watu wao iliandikwa. Sisi tunajua orodha ni nini, maana bila jina kwenye orodha hupati posho. Katika orodha ile, Ezra 2:65, wamehesabiwa waimbaji 200, wanaume kwa wanawake. Watu waliporudi hawakusahau kuwaandika waimbaji wa kike.

Labda mtu atasema, "Hayo ni ya Biblia, sisi tufuate kitabu cha nyimbo." Vema, tukifungue. Wimbo tunaoujua katika Tenzi za Rohoni kama Ndiyo Dhamana ni kazi ya wanawake wawili wa Marekani. Mwaka 1873 Phoebe Knapp alitunga sauti, akampigia rafiki yake Fanny Crosby, akamwuliza sauti ile inasema nini. Crosby akampa maneno. Mama huyo, aliyeishi 1820 hadi 1915, alikuwa kipofu tangu utoto, na alitunga nyimbo zaidi ya 8,000. Nyingi zilichapwa kwa majina mengine ya kubuni, hata waimbaji wasijue kwamba ni zake. Basi aliyesema wimbo wa mama hauna nafasi kanisani amekuwa akiuimba miaka yote bila kujua.

Hatusemi kila wimbo upokelewe kwa sababu umetungwa na mama. Wimbo wa mwanamke na wa mwanamume hupimwa kwa kipimo kimoja: Je, unakubaliana na Neno? Je, unalijenga kanisa? Paulo anasema mnapokutana kila mmoja ana zaburi, na mambo yote yatendeke kwa kujenga (1 Wakorintho 14:26). Wimbo wa kumsengenya jirani, au wa kuchochea chuki ya kabila, hatutauimba, hata ukiwa na sauti tamu.

Kwa hiyo tumekubaliana mambo matatu. Kwanza, mama mmoja au wawili watakaa pamoja na viongozi wa kwaya siku ya kuchagua nyimbo. Pili, kila Jumapili tutaacha nafasi ya wimbo mmoja uliotungwa hapa makazini, baada ya mahubiri, si mwishoni watu wakiwa wameshasimama kuondoka. Tatu, kabla ya kuimba tutamtaja mtunzi. Vijana wanaojua kuandika wawasaidie mama zetu kuweka maneno daftarini, maana wengine wamezeeka, na tumekwisha kupoteza vingi njiani.

Yule mama tulimwendea nyumbani, tukamwomba msamaha. Alitukaribisha kwenye mkeka, akatupa maji ya kunywa, kisha akacheka, akasema wimbo una beti mbili zaidi ambazo hatujazisikia. Jumapili ijayo tutazisikia. Njoni mapema.

Mungu wetu, uliyemsikia Hana kabla kuhani hajamsikia, tufungue masikio. Amina.