Utii Unaishia Wapi?

Wanafunzi wengi huisubiri likizo ya Desemba kwa hamu. Kwetu Serengeti na Tarime, msichana wa kidato cha pili anaweza kuihesabu kwa hofu, maana Desemba ndiyo msimu wa ukeketaji. Rafiki ninayekaa naye dawati moja aliniuliza: "Nikikimbilia nyumba salama Mugumu, nitakuwa nimemkosea mama?"

Swali hilo halinitoki. Mama yake hamchukii. Anaogopa binti yake ataitwa msagane, achekwe na akose mchumba. Anampenda, na kwa upendo huohuo yuko tayari kumpeleka kwa ngariba.

Tumefundishwa kuwatii wazazi. Lakini naona utii na heshima si kitu kimoja. Naweza kumchotea mama maji, nikamwamkia kwa adabu, na bado nikamkatalia kisu. Hasira ya mama huenda ikapoa, kilichokatwa hakirudi.

Sheria ya mwaka 1998 inamlinda msichana aliye chini ya miaka 18, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 5 hadi 15. Hapo ndipo panaponiuma: mtoto wa miaka 14 anaachiwa achague kati ya mwili wake na uhuru wa mama yake. Ujasiri tunaomsifia ni deni la baba, wajomba na wazee wa mila walionyamaza. Analilipa yeye.

Nilimjibu kwamba hatakuwa amemkosea. Kesho tunakwenda kwa mwalimu, wote wawili.